Pointi za kadi: tiketi ya bure inalipwa na nani?



Toka miezi kadhaa kunapita somo moja katika makundi yetu ya WhatsApp, na vijana wenye wamemaliza masomo juzi wanalipenda sana. Somo linasema: chukua kadi ya banki, lipia vitu vyako vyote nayo, kusanya pointi, kisha panda ndeke bure. Video zinatoka Marekani na Kanada, zingine kwa Kifaransa, zingine kwa Kiingereza. Hapa kwetu kuna watu wenye wanazifasiria na kuziuzisha kama mafunzo. Unatuma dola kumi ama ishirini, unaingia mu kikundi cha siri, unaambiwa kadi gani ya kuomba na namna ya kuiomba.

Nimesikiliza mengi ya yale masomo mwanzo mpaka mwisho. Leo ninataka kuyapima namna jury inapima TFC: bila chuki, lakini bila kupiga makofi mbele ya kusoma. Maswali yangu ni matatu. Ile zawadi inatoka wapi? Nani analipa? Na sisi wa Butembo na Beni, ni nini katika ile mambo yenye inaweza kutusaidia kweli?

Ninauliza juu safari kwetu si vakansi. Zile video zinaonyesha bahari, hoteli, na chumba kizuri cha kungojea ndeke. Mutu wa hapa anasafiri kwa sababu zingine: kupeleka mugonjwa Kampala, kwenda kuchukua mali Dubai ao Guangzhou, kufika Kinshasa juu ya karatasi za visa, kuanza masomo yenye tarehe yake haingoje. Toka mwezi wa kwanza 2025, wakati Goma ilianguka na uwanja wake wa ndeke kufungwa, hata njia zetu za zamani zimepinduka. Kwa mutu wa namna hiyo, tiketi ni ngombe mbili ao tatu, ni kipande cha shamba. Ukimwambia kama kuna tiketi ya bure, unagusa kitu kikubwa. Njo maana yule mwenye kufundisha ile somo anapaswa kusema ukweli wote, si nusu.

Kwanza, tuwape haki yao

Ile mambo si uongo. Pointi ziko, na kuna watu wanasafiri nazo kweli.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1981 kampuni American Airlines ilianzisha AAdvantage: ukisafiri nao, wanakuandikia maili, na maili zikikutana unapata kiti. Makampuni mengine yakafuata mbio. Mwaka 1987 ile maili ikaunganishwa na kadi ya banki, na hapo mambo yakabadilika kabisa. Toka ile siku, mutu hakuhitaji tena kupanda ndeke ili apate maili. Kununua nyama na mafuta ya gari kulitosha.

Franga za zawadi zinatoka wapi? Sikilizeni vizuri, juu hapa njo moyo wa jambo. Kule Marekani, ukilipa dola 100 na kadi ya mukopo, mwenye duka hapokee dola 100. Anapokea kama 98 ao pungufu. Ile inabakia inagawanywa, na sehemu kubwa inaenda kwa banki yenye ilikupa kadi. Banki inachukua kipande cha ile sehemu, inakigeuza kuwa pointi, inakurudishia na kicheko. Wewe unasema "wamenipa". Lakini mwenye duka njo alikatwa, na mwenye duka si mupumbavu: ameisha ongeza bei.

Mutaelewa sasa kwa nini ndugu yako wa Brussels hana pointi nyingi kama binamu yako wa Marekani. Si kwamba hajui siri. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria kama ile sehemu ya banki isipite 0.2 kwa mia kwa kadi za kawaida zenye zinakata franga zako mwenyewe, na 0.3 kwa mia kwa kadi za mukopo. Mahali chungu iko ndogo, sahani haiwezi kujaa. Na sheria ile ilitungwa kusudi, juu waliona kama mwenye kununua njo anaishia kulipa bei ya ile mchezo.

Nimesikiliza masomo mengi ya "kusafiri bure". Sijasikia mwalimu hata mumoja anaeleza hii sehemu. Kama ingekuwa TFC, jury ingesema: mwanafunzi ametuonyesha matokeo, hakutuonyesha chanzo.

Pili, nani analipa

Kila zawadi iko na mulipaji wake. Swali ni kama unamujua.

Mwaka 2010 watafiti wa Banki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walipiga hesabu. Walikuta kama jamaa yenye inalipa cash inapoteza kwa wastani dola 149 kila mwaka, na jamaa yenye inalipa na kadi inapata dola 1,133. Sababu ni ile: bei ya duka ni moja kwa wote, lakini pointi zinaenda kwa upande mumoja tu. Mwenye kulipa na noti anamununulia mwenye kadi kipande cha tiketi, na wote wawili hawajui.

Mwaka 2023 kukatoka utafiti mwingine, wa wachumi wa kutoka FMI na Banki Kuu ya Marekani pamoja na wenzao. Wao walipata kama zawadi za kadi zinahamisha karibu dola miliari 15 kila mwaka: kutoka kwa wenye masomo kidogo kwenda kwa wenye masomo mengi, kutoka mitaa ya maskini kwenda mitaa ya matajiri. Na waliongeza jambo lenye linatuhusu sana: mwenye kupoteza si lazima awe maskini. Ni yule mwenye hajui mchezo, mwenye anabakiza deni kwenye kadi.

Sasa tuongee juu ya jamaa zetu. Wengi wa bandugu zetu wenye wako Marekani hawakufika kule na viza ya biashara. Walipitia kambi za Uganda, walingoja miaka, wakapelekwa muji wenye hawakuchagua. Wengi wanafanya kazi ya usiku kwenye mashini za nyama ao kwenye madepo makubwa. Siku moja wanapata barua kutoka banki: "Umekubaliwa kadi." Mutu mwenye alikaa miaka kumi bila karatasi anaona ile barua kama heshima.

Tufanye mufano. Anatumia kadi, anabakiza deni la dola 3,000, halimaliziki mwaka mzima. Toka 2023 riba ya kadi kule imepita 20 kwa mia kwa mwaka. Tuseme 21. Riba yake ni dola 630. Na pointi zake kwa zile dola 3,000? Kama anapata 1 ao 2 kwa mia, ni dola 30 mpaka 60. Yeye analipa 630 ili apewe 60. Banki haijakosa kitu hapo. Njo biashara yake.

Halafu huku Butembo, dada yake amesikiliza somo la WhatsApp. Anamutumia sauti: "Kaka, nasikia banakupaka pointi kwa kadi. Unikatiye tiketi ya Entebbe na zile pointi, si ni bure?" Na kaka, juu ya haya, anakubali. Kanuni za programu nyingi zinamuruhusu kutumia pointi zake kumukatia mutu mwingine tiketi. Kama pointi zake hazitoshe, anazinunua, ao anafungua kadi ingine ili apate zile pointi nyingi za mwanzo. Zile za mwanzo zinatolewa kama umetumia franga fulani nyingi katika miezi michache. Basi analazimika kutumia yenye hakupanga kutumia.

Ni hapo ninaona hatari ya lile neno "bure". Linatufanya tuombe bila kuhesabu. Tukijua kama tiketi ni dola 1,200, tunaomba kwa adabu, tunachanga, tunarudisha hata kidogo kidogo. Tukisikia ni "bure", tunaomba kama vile tunaomba maji ya kunywa. Kumbe maji yenyewe yametoka kwenye kisima cha mutu, na kisima kiko na deni.

Tatu, kadi yetu ya hapa

Turudi nyumbani. Butembo na Beni tuko na kadi za banki, za Visa na za Mastercard. Mwenye anaenda Dubai anaichukua juu hapendi kubeba noti nyingi mu mufuko, na kwa njia zetu yuko na haki. Lakini kadi nyingi za hapa ni za aina mbili: ile yenye inakata franga zako mwenyewe ku konti, na ile ya kujaza mbele ya kutumia. Kadi ya mukopo, namna wanaizungumuzia kwenye video, ni ya watu wachache sana.

Na hata kama ungekuwa nayo, ungeitumia wapi? Tembea Butembo kutoka Furu mpaka soko kuu, tembea Beni ku Boulevard Nyamwisi. Tunalipa noti ya dola, tunalipa franga congolais, tunalipa na telefone kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mama wa mboga hana mashini ya kadi. Mwenye magazini ya mabati hana. Kama hakuna mwenye duka anakatwa, hakuna sehemu ya banki. Kama hakuna sehemu ya banki, hakuna pointi. Pointi hazianguke kutoka mbinguni kama mana.

Kwa hiyo kwetu kadi inageuka: pahali pa kukurudishia, inakukata tu. Unalipa ili uipate, unalipa ili uijaze, unalipa kwa mwaka, unalipa ukitosha franga ku mashini ya inchi ingine, na kama unanunua mu franga ya inchi ingine wanakata tena kwenye kubadilisha. Sisemi ni wizi. Kazi yote iko na bei yake. Lakini mwenye kuuza somo anapaswa kusema: "Wewe wa Butembo, kwa kadi yako hii, pointi ni sifuri, na malipo ni haya."

Kuna sehemu ingine ya somo yenye inanitia woga. Vijana wanafundishwa kuomba kadi ya Marekani na adresi ya kule yenye si yao, ao na namba ya utambulisho ya mutu mwingine. Bandugu, ile si akili, ni kosa la sheria. Banki ya kule inatoa kadi ya mukopo kwa kuangalia namba ya mutu, makao yake, na namna amelipa madeni yake ya zamani. Siku wanagundua, wanafunga konti na pointi zote zinapotea. Na kama ulitumia jina la binamu yako, yeye njo anabakia na doa. Kwa mukimbizi mwenye angali anangoja uraia wa kule, doa ya namna hiyo si jambo la kuchezea.

Tumeisha ona karatasi za namna hii

Wazee wetu wanaweza kutufundisha kitu hapa, hata kama hawajawahi kushika kadi.

Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 1979, Mobutu alitangaza kama noti za zaïre 5 na zaïre 10 hazina kazi tena. Mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kikawekewa kipimo. Mwenye alikuwa na noti nyingi nyumbani aliamuka na karatasi. Mwaka 1991, Kinshasa ikajua Bindo: weka franga zako, utarudishiwa mara nyingi zaidi. Wa kwanza walirudishiwa kweli, na walishuhudia kwa sauti kubwa. Wa mwisho walilia.

Pointi si Bindo, tusichanganye. Nyuma ya pointi kuna makampuni ya kweli na viti vya kweli. Lakini ziko na kitu kimoja chenye kinafanana na zile noti za 1979: mwenye kuzitoa njo anapanga bei yake, na anaweza kubadilisha bila kukuuliza. Mwezi wa kenda 2023, kampuni Delta ilitangaza kanuni mpya za programu yake. Wateja wakapiga kelele mpaka mukubwa wa kampuni mwenyewe akakubali kama walivuka kipimo, wakarudisha nyuma kidogo. Wamarekani walikuwa na sauti ya kupiga kelele. Wewe wa Beni ukiamka na kukuta kiti cha pointi 60,000 sasa kinaomba 90,000, utapigia nani simu?

Ndiyo maana hata wale wajuzi wa kweli wanasema: pointi si akiba. Ukizipata, uzitumie. Watu wetu wa Butembo wanaweka akiba mu nyumba, mu ngombe, mu mali ya magazini. Wanajua tangu zamani kama kitu chenye bei yake inapangwa na mwingine si cha kulaza.

Basi sisi tufanye nini?

Ninajua watu watasema: "Umebomoa, sasa ujenge." Sawa. Kuna mambo matatu yenye yanaweza kutusaidia, na hakuna hata moja lenye linahitaji kulipa dola ishirini za kikundi cha siri.

La kwanza: maili za kusafiri zenyewe, bila kadi. Ile kitu ya 1981 ingali iko. Ethiopian Airlines iko na ShebaMiles, Emirates iko na Skywards. Kuandikishwa ni bure, mu telefone yako. Mufanyabiashara wa Butembo mwenye anapitia Kasindi na Entebbe kwenda Dubai ao Guangzhou mara mbili kwa mwaka amekwisha lipia zile maili ndani ya tiketi. Lakini wengi wananunua kwa ajansi, hawatoe namba ya programu, na maili hazipate mwenyewe. Unaweza kusafiri miaka kumi na usiwe na hata moja.

Hapa kuna mutego wetu wa pekee: majina. Sisi tunaitwa kufuatana na namna tulizaliwa, na ku mupaka wa Mpondwe ukiita "Kambale" ao "Masika" nusu ya mustari inageuka. Tena tuko na jina, postnom na prénom, na kila ajansi inayapanga namna inataka. Kama jina la ku tiketi halifanane na jina la ku programu, maili zinakataa kuingia. Andikisha jina namna liko ku paspoti, herufi kwa herufi, na upatie ajansi namba yako mbele walipe tiketi. Chunga kadi ya kupandia ndeke: ukikuta maili hazikuingia, unaweza kuzidai kama miezi haijapita mingi.

Tusidanganyane hata hapa. Tiketi za bei ndogo zinaleta maili kidogo, maili zinaoza kama hukuzitumia (za Skywards zinadumu miaka mitatu), na hata tiketi ya maili inalipishwa taksi za uwanja. Faida kubwa kwa mufanyabiashara si kiti cha bure. Ni kilo. Mwenye amesafiri sana akapandishwa cheo katika programu anaruhusiwa muzigo zaidi. Na kila mutu mwenye amerudi kutoka Dubai anajua kama kilo iko na maana kuliko kiti. Sijasikia video moja ya Marekani inaongea juu ya kilo. Wao wanafundisha kwenda kupumuzika, sisi tunaenda kufunga mizigo.

La pili: likelemba ya safari. Watu 12, kila mumoja dola 100 kwa mwezi, kila mwezi mutu mumoja anapata 1,200. Hiyo ni tiketi. Hakuna riba, hakuna mwenye duka wa kukatwa, hakuna mama wa mboga mwenye anakulipia bila kujua. Na mukikaa mu AVEC, hata faida ya mikopo inagawanywa kati yenu mwisho wa mwaka. Sisi tumezaliwa ndani ya hii elimu. Wafanyabiashara wetu walikuzwa nayo: walijazia kontena moja watu wengi, kila mumoja na sehemu yake, wakati banki hazikuwajua.

Lakini kama ninapima kadi, ni lazima nipime likelemba pia. Udhaifu wake ni wa kweli. Mwenye anapokea mwezi wa kwanza anaweza kuhama na kunyamaza. Vita inaweza kusukuma nusu ya kikundi kwenda kule na nusu huku. Mwenye namba ya 12 anabeba hatari ya wote. Dawa yake ni ya zamani: kuanza na watu kidogo, kuandika, kuwa na washuhuda, na mwenye shida ya tarehe, kama mugonjwa ao mwanafunzi, apewe mbele. Kadi na likelemba vyote viwili vinasimama juu ya kuaminiana. Tofauti ni hii: katika likelemba, mwenye anakulipia tiketi yako leo unamujua kwa jina, na mwezi wenye unakuja wewe njo utamulipia yake.

La tatu: kuomba kama kikundi. Kampuni nyingi za ndeke zinahesabu kikundi kuanzia watu 10 na zinaweza kuwapangia bei yao. Sisi tuko wengi kuliko kumi wenye tunaenda njia moja kila mwaka, lakini kila mutu anaenda peke yake ku ajansi, kila mutu analia peke yake. Vilevile kwa banki. Chama chetu kinaweza kuandika barua na kuomba orodha ya malipo yote ya kadi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ibandikwe ku mulango. Kule Kenya, Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, bila kadi ya mukopo: unapata pointi kwa matumizi ya simu. Mwezi wa ine 2020, wakati wa corona, watu waliruhusiwa kununua chakula nazo ao kumupatia mwingine. Huku kwetu tunatuma franga kwa simu kila siku na tunakatwa kila siku. Swali la kama sisi pia tunaweza kurudishiwa kitu ni swali la haki, na linapaswa kuulizwa na watu wenye diploma, si kuachiwa watu wa video.

Hukumu ya jury

Ile somo la "kusafiri bure" ninalipatia nusu ya pointi. Limeeleza vizuri namna ya kupokea. Limenyamaza juu ya mwenye kulipa, na limeuzishwa kwa watu wenye hawawezi kulitumia. Kwa mutu wa Marekani mwenye analipa deni lake lote kila mwisho wa mwezi, ni akili, simulaumu. Kwa ndugu yetu mwenye anabakiza deni kule, ni mutego wenye maua juu. Kwa kijana wa Butembo mwenye anatoa dola ishirini ili ajue kadi gani ya kuomba, ni dola ishirini zenye zingekuwa kipande cha kwanza cha likelemba yake.

Ninaomba mambo mawili kwa wenye wanasoma. Wale mukona vijana wa promosheni za nyuma wanaingia mu vikundi vile, muwaonyeshe ile hesabu ya 630 na 60. Inatosha kuliko mahubiri. Na wale muko mbali, mwenye amekwisha katia jamaa tiketi na pointi, atuandikie hapa chini ilimugarimu ngapi kweli, taksi na riba ndani. Tukikusanya hesabu kumi za namna hiyo, zitakuwa somo la kweli, na tutalitoa bila kulipisha.

 Meza iko wazi.